Ndoo Kwenye Kiti cha Mama

Shangazi yangu hajawahi kuiamini simu. Anadhani sauti inasafiri kwa nguvu za mtu mwenyewe, kwa hiyo akikupigia, weka simu mbali na sikio la sivyo utajuta. Asubuhi ile nilikuwa kazini, nimeinamia meza yangu ya vipimo, na wenzangu wote chumbani walimsikia.

"Spika! We Spika! Baba yako ameharibikiwa. Anaongea na ndoo!"

Spika ni mimi. Baba alinipa jina hilo wiki niliyozaliwa, kwa sababu ya kilio changu, na tangu hapo jina langu halisi limebaki kwenye vyeti tu.

"Ndoo gani, shangazi?"

"Ndoo ya maji! Ameiweka kwenye kiti cha marehemu mama yako, anakaa nayo mchana kutwa. Anainywesha, mwanangu. Anachota maji kwa kikombe, anaimiminia polepole, halafu anainamisha kichwa kusikiliza. Jana nimemkuta anaiambia, 'Kidogo tena, kidogo tu.' Nikamuuliza, kaka, wewe na ndoo mna mazungumzo gani? Akaniwekea kidole mdomoni, eti ninyamaze. Mimi! Dada yake!"

Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilinitoka chenyewe, na shangazi akaniona sina adabu.

"Unacheka? Haya, cheka. Sisi tumeshakaa kikao. Jumapili tunamleta kwako na nyumba inafungwa. Hatoki nje, haji mezani, kuoga mpaka nimgombeze. Nimechoka mimi, na magoti yangu haya."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema mle ndani atatoka amebebwa. Njoo wewe, maana wewe ndiwe anayekusikiliza. Ukishindwa, tutambeba hivyohivyo akiwa mzima."

Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza habari ya kikombe. Kazi yangu ni kubuni saketi za kupokea na kurusha mawimbi, zile zinazowekwa kwenye minara ya simu, na siku nzima napambana na vitu vinavyosogea karibu na saketi bila kualikwa. Baba hakuwa anainywesha ndoo. Alikuwa anatafuta stesheni.

Nitaeleza, maana hata shangazi alielewa, na shangazi hana subira.

Baba alikuwa fundi redio. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, chenye dirisha pana lililotazama barabara na meza ndefu iliyojaa alama za kuungua za chuma cha kulehemu. Redio za watu zilipangwa ukutani zikisubiri zamu, kila moja na kipande cha karatasi: dereva mrefu, mama pacha, muuza vitambaa, mwalimu asiye na haraka. Nikivuta pumzi sasa hivi naipata harufu ya mle ndani, risasi ya kulehemu na vumbi lililopashwa moto. Nimefanya kazi kwenye maabara zenye sakafu ya kung'aa na viyoyozi, na hakuna hata moja iliyonipendeza kama chumba kile.

Pale ndipo nilipofundishwa. Baba alinipa koili mkono mmoja, waya mwembamba uliozungushwa kwenye bomba, na kapasita mkono wa pili, mabamba mawili yanayotazamana bila kugusana.

"Hawa wawili ni watoto," aliniambia. "Wape umeme, watarushiana kama mpira. Koili anamrushia kapasita, kapasita anajaa, anamrudishia koili. Wana mwendo wao wa kurushiana, na mwendo huo ndio masafa. Hewani humu kuna stesheni chungu nzima zinapita sasa hivi, zinatupitia mpaka tumboni. Lakini hawa watamsikia yule tu anayekwenda kwa mwendo wao. Wengine watapita zao."

"Nikitaka mwingine?"

"Badilisha mwendo. Ongeza kapasita, mwendo unapoa. Punguza, unachangamka. Basi. Ukilijua hilo, redio umeijua."

Chuoni walinifundisha hayohayo kwa hesabu, na hesabu zilinipa kitu ambacho baba hakuwa nacho, kwa sababu yeye alikisia pale ninapokokotoa. Lakini hadi leo nikipewa vijana wapya kazini naanza na watoto wawili wanaorushiana mpira.

Sasa, mwili wa mtu umejaa maji na chumvi. Umeme unauona kama bamba. Ukisogea karibu na koili ya redio isiyokingwa, umeongeza kapasita bila kukusudia, na stesheni inahama. Ndiyo maana redio za aina ile huwekewa bati nyuma ya uso wa kasha, bati likaungwa kwenye waya wa ardhi, ili koili isimwone mtu anayepita. Kila fundi anajua hivyo, na baba alijua.

Redio aliyoitengeneza mwenyewe kabla sijazaliwa haikuwa na bati. Ilikuwa ya masafa mafupi, transista tatu na kasha la mbao mbele na nyuma. Mwanzoni hakuweka bati kwa kuwa alikuwa bado anaijaribu, iko wazi juu ya meza, inapiga miluzi. Ndipo akaingia msichana mmoja na redio mbovu ya mama yake kwapani.

Hadithi hii nimeisikia kwa wote wawili, na walikuwa hawakubaliani. Baba alisema yule msichana alipofika mezani, mluzi ulikatika na mtu akaanza kusoma habari, wazi kabisa, kutoka nchi ya mbali. Msichana akarudi nyuma kutafuta pa kukaa, mluzi ukarudi. Akasogea, habari zikarudi. Baba akasema, "Dada, nakuomba usiondoke." Mama alisema hakuna aliyemwomba, aliamriwa. "Nikamwambia, mimi nimeleta redio, sikuja kuwa redio." Lakini alisimama pale mpaka habari zikaisha, na siku ya pili alikuja kuulizia redio ambayo ilikuwa haijafunguliwa hata skrubu moja. Mimi ni tunda la kasoro ya ufundi, na sioni aibu kulisema.

Walipooana, redio ikahamia sebuleni, na kiti cha mama kikawa upande wake wa kushoto, upande wa koili. Kila alasiri ilikuwa vilevile. Mama anaitwa, anakaa, na baba anazungusha kitasa akimwangalia yeye.

"Kaa nikuweke sawa."

"Haya, niweke kwenye saketi yako."

Ungeweza kusema, si azungushe kitasa mpaka stesheni ishike hata mama akiwa hayupo? Jaribu uone. Mkono nao ni bamba. Unaishika stesheni, ukiondoa mkono inakuponyoka, unaikimbiza kwa kubahatisha na kesho yake unaanza upya. Mama akikaa mahali pake, mambo yalitulia. Wageni waliambiwa wasichezeshe miguu. Paka akipita chini ya meza, msomaji wa habari alipatwa na kikohozi. Na mama, asiyeweza kuinuka, alinipigia kelele nikiwa nacheza: "Spika, kimbia kaangalie chungu, mimi leo ni kapasita!" Tumekula vyakula vingi vilivyoshika ukoko kwa ajili ya taarifa ya habari, na tulikuwa tunacheka. Nikiambiwa nichague siku moja ya kurudia maishani, nitachagua alasiri yoyote kati ya zile, hata ile chungu kilipotoboka.

Mama alifariki mvua zilizopita. Nilimwomba baba aje kwangu, akasema ataona. Niliporudi kazini sikujua kuwa tangu mazishi hajakigusa kitasa. Alikiacha palepale kilipokuwa siku ya mwisho mama alipokaa, na kwa sababu mama hayupo kitini, redio ilikuwa inapiga mluzi mahali penye sauti. Fundi hawezi kuvumilia hilo. Alichukua ndoo.

Nilifika Jumamosi mchana. Shangazi alikuwa langoni, mikono kiunoni.

"Nenda ukajionee. Mimi nisiseme, nitaambiwa nimezidisha chumvi."

Sebule ilikuwa vilevile, isipokuwa baba. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa. Alikaa wima kwenye kiti chake, magoti pamoja, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Kwenye kiti cha mama kulikuwa na ndoo ya bluu, na chini yake mtandio wa mama uliokunjwa mara nne ili mto usilowe. Mwanamke mmoja wa mbali alikuwa anasoma habari kwa sauti safi sana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee hapo, unanivuruga."

Nikasimama mlangoni na mkoba wangu begani mpaka habari zikaisha. Nilikuwa nimepanga maneno ya upole njiani, lakini macho yalikuwa kwenye ndoo, na mdomo ukafuata macho.

"Ina lita ngapi?"

Uso wa baba ukachanua. Nadhani nilikuwa mtu wa kwanza kumuuliza swali la maana tangu msiba. "Nane hazitoshi. Kumi zinapitiliza. Jua likikaza maji yanapungua, naongeza kwa kikombe."

"Umeiunga ardhi?"

"Kwani unanionaje? Nimetumbukiza waya, ncha nyingine nimeifunga kwenye bomba la maji pale nje. Bila hivyo ndoo ni pambo tu."

"Hapo sawa."

Nyuma yangu nilimsikia shangazi. "Mungu wangu. Kumbe wako wawili."

Nilimpeleka jikoni nikamweleza yote, watoto na mpira, bamba na bati. Nilitumia sufuria mbili. Shangazi si mjinga hata kidogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akakaa.

"Kwa hiyo hajarukwa na akili."

"Hajarukwa. Akili yake inafanya kazi kuliko yangu."

"Basi ndiyo mbaya zaidi. Mwendawazimu ningemwombea dua. Huyu anajua anachokifanya, na anachokifanya ni kukaa." Akazitazama zile sufuria. "Na mwili wake mwenyewe? Yeye si maji na chumvi? Akiinuka yeye, redio haipotei?"

"Inapotea," nilisema.

"Ndiyo maana haji mezani!" alisema shangazi. "Ndiyo maana haendi nje kuota jua! Amejifanya kifaa. Spika, kaka yangu atafia pale kitini, na ndoo itaendelea kusikiliza habari."

Alikuwa amesema kweli, na iliniudhi kwamba mimi, mwenye kazi hiyo, nilikuwa nimeisifu saketi nikasahau kumwangalia aliyekaa ndani yake. Nilirudi sebuleni nikavuta kigoda, mbali kidogo.

"Baba, tuweke bati."

"Hapana."

"Utasikiliza ukitembea, ukila, ukiwa umelala. Huhitaji ndoo."

"Hapana, Spika." Hakukasirika. "Redio hii inajua mtu akiwepo. Ukiijengea ukuta itabaki inapiga kelele tu kama redio za watu wengine."

"Wanakuja kukuchukua kesho, unajua?"

"Waje."

Hasira zangu zinapanda upesi, ni ugonjwa wa upande wa shangazi. "Mama hayumo ndani ya ndoo, baba!"

Redio ilikuwa inacheza muziki wa zamani, filimbi na magitaa. Baba aliusikiliza kidogo kabla ya kunijibu.

"Unadhani sijui alipo? Mimi ndiye niliyeweka udongo wa kwanza."

Nilijuta, lakini nilikuwa nimeshainuka. Nikaichukua ile ndoo na waya wake nikaiweka chini ukutani, maji yakanimwagikia miguuni, nikakaa kwenye kiti cha mama. Sikuwahi kukikalia. Tulipokuwa wadogo hakuna mtoto aliyethubutu, na baada ya msiba sikuwa na moyo. Redio ikapiga mluzi mnene, ukashuka, ukanguruma.

"Umenenepa," alisema baba.

Sikutaka kucheka, nikacheka. Yeye pia, kidogo.

"Mama yako alikuwa mwepesi. Wewe unapitiliza. Rudi nyuma. Zaidi. Mguu wa kulia ukunje. Siyo hivyo, uweke chini yako. Egemea upande wa dirisha."

Nilifanya nilivyoambiwa. Kila nilivyojiweka mluzi ulipanda au kushuka, na ndani yake sauti ya mwimbaji ikaanza kusikika, kwanza mbali, halafu karibu.

"Sasa mkono shavuni. Huohuo. Tulia."

Muziki ukaingia sebuleni, safi, bila kelele hata ya kuvuma. Nilikuwa nimekaa kama mama, mguu chini yangu, shavu kiganjani, nikiegemea dirisha. Baba aliniangalia, akageuza uso, akaniangalia tena, na machozi yakamtoka bila kuyafuta. Mimi nililia waziwazi. Nilimkumbuka mama kupita kiasi, na sikuthubutu kuinua mkono kujifuta, maana wimbo ungekatika.

Tulikaa hivyo nyimbo kadhaa. Kisha mguu wangu ukaanza kufa ganzi. Nilijaribu kuutikisa kidogo, mwimbaji akapata mafua, baba akasema, "Tulia." Nikatulia. Shingo ikaanza kukaza. Kwenye kiti kile unautazama ukuta. Dirisha liko nyuma ya sikio. Kutoka nje nilisikia wanawake wa nyumba ya jirani wakianua nguo na kucheka jambo fulani, maneno nusu nusu, na upepo ukipiga mashuka. Shangazi alikuwa nao, anasimulia, bila shaka habari zetu. Nilitamani kuinuka nikasikie mwisho wa kisa. Sikuweza. Na ndipo nilipojiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza nilipokuwa nacheka utotoni.

"Baba, mama alikuwa anakaa hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Hakuwa anachoka?"

Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine.

"Alikuwa anachoka," alisema mwishowe. "Alikuwa ananiambia. Alipenda muziki kuliko mimi, mimi ni mtu wa habari. Alitaka ausikilizie uani. 'Mume wangu, liweke hilo bati lako, na mimi nikasikilizie nje, niwe na wenzangu, nipigwe na upepo.' Nilimwambia kesho. Akiwa na mimba yako aliniomba, mgongo unamuuma, nikamwambia kesho. Kwa utani, unajua. Yeye naye aliomba kwa utani. Mwanamke akikuomba kwa utani unadhani hana haja sana."

Sikutikisika. Niliona anataka kumaliza.

"Mwaka huu alipolala chumba cha ndani, aliniuliza kama redio inaweza kufika kule. Nikamwambia bila yeye kitini haishiki."

"Na wewe ungeweza kuweka bati."

"Ningeweza."

"Kwa nini hukuweka, baba?"

"Nilikuwa namngoja apone, arudi kwenye kiti chake. Niliona nikiweka bati ni kama nimesema harudi."

Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, na vitu hivyo viwili havikutaka kuachana. Nikaushusha mguu. Redio ikapiga mluzi mkali, na safari hii hakusema nitulie.

Aliinuka yeye mwenyewe, akishika meza, akaizima. Akaenda karakana, nikamsikia anafungua droo na kuhamisha mabati. Alirudi na ubavu wa debe la mafuta, mkasi wa bati, bisibisi na chuma cha kulehemu, akavipanga mezani kwa mpangilio wake wa zamani. Nikanyoosha mkono nikachukua mkasi.

"Leta hapa," alisema. "Hii ni kazi yangu. Wewe nimulikie."

Nikamshikia taa. Ndani ya kasha kulikuwa na vumbi jembamba, na ile koili, imefungwa kwa uzi uliobadilika rangi, mizunguko imelala sawasawa. Ilikuwa kazi ya mtu mwenye mikono ya ujana. Mikono ya sasa ilitetemeka. Alikata bati, akakunja kingo zisimkate mtu, akatoboa tundu za vitasa, akakwangua rangi mahali pa kulehemu. Lehemu ya kwanza ilikataa kushika, ikakaa juu ya bati kama tone la umande.

"Bati bado la baridi," nilisema.

"Najua." Akakandamiza chuma palepale, akingoja, mkono wa pili ukiushika wa kwanza usitetemeke. Risasi ikayeyuka, ikatambaa, ikang'aa. Akaunga waya wa ardhi. Ule ule wa kwenye ndoo; aliutoa majini, akaukausha kwa shati lake.

Alipoiwasha, hakukuwa na kitu. Ukimya na mvumo tu. Nilijua sababu na yeye alijua: bati likikaa karibu na koili, koili nayo inabadilika kidogo, mwendo wa wale watoto unachangamka, na stesheni inakuwa imehama mahali pake. Ilibidi azungushe kitasa.

Aliweka vidole juu yake, akabaki hivyo. Alama ile kwenye kitasa ilikuwa ya siku ya mwisho mama alipokaa kitini. Sikumhimiza. Halafu akazungusha, taratibu, na muziki ukaja.

Akaondoa mkono. Muziki ukabaki.

Nikasogea, nikarudi nyuma, nikapitisha kiganja mbele ya kasha. Muziki haukujali. Shangazi akaingia na chai, akapita katikati yetu na gauni lake pana, akakuta tumemtolea macho. "Nini tena?" Hakuna hata mkwaruzo. Kiti cha mama kilikuwa kitupu, na muziki uliendelea.

Baba akaongeza sauti hadi mwisho, akatoka. Alipita ukumbini, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma. Tulimfuata, mimi na shangazi na sinia lake. Uani kulikuwa na upepo, mashuka yamejaa hewa kwenye kamba, na magitaa yanafika mpaka kule, kila uzi unasikika. Mmoja wa majirani alichungulia ukutani akaanza kutingisha mabega. Baba alisimama pale mama alipokuwa akifulia, jua likimpiga usoni, akasikiliza wimbo wote.

"Ametoka nje," shangazi alininong'oneza, na mimi sikujua kwamba shangazi anaweza kunong'ona. "Basi, kesho hakuna wa kumbeba mtu. Akae nyumbani kwake, bora awe anatoka."

Nilifurahi, na nilitaka kumwambia baba, nikamsogelea. Alinigeukia kabla sijafungua mdomo.

"Tangu nilipochukua mkasi mpaka stesheni iliposhika," aliuliza, "nimetumia muda gani?"

Nilitamani kumdanganya. Lakini yeye ni fundi na mimi ni fundi, na muda wa kazi hatudanganyani.

"Nusu saa, baba."

"Nusu saa," alisema. Alilishika shuka lililokuwa karibu naye kama mtu anayetafuta pa kushika. "Na mimi nilikuwa namwambia kesho."